Mlonge, uwatu, mwani au miguu ya nguruwe: mzazi ale kipi?

Siku ya tatu baada ya mtu kujifungua, hapakosi chungu kinachotokota kwa ajili yake. Kwetu Pwani ni uji wa pilipili manga, kwa Wachaga ni mtori. Ukivuka bahari, Manila ni kuku na majani ya mlonge, kwa Wabatak wa Sumatra ni majani ya torbangun kwenye tui la nazi, Guangzhou ni miguu ya nguruwe, Seoul ni mwani, na Ahmedabad ni uwatu uliokaangwa kwa samli ukafinyangwa na sukari guru. Wazazi wote hao wanaambiwa neno moja: kula hiki, maziwa yashuke.

Siku hizi vyakula hivyo vimetufikia hapa. Shangazi aliyeko Muscat anatuma hulba, yaani uwatu, jirani anauza unga wa mlonge kwenye simu, binti wa dukani anakuonyesha paketi ya mwani uliokaushwa wenye maandishi ya Kikorea. Mzazi mwenyewe amechoka, mtoto analia, na pesa ni ileile moja. Ndiyo maana nimeviweka vyakula hivi pamoja na kuviuliza maswali yaleyale. Kuna mtu aliyewahi kukipima kweli? Kinaweza kumdhuru mama au mtoto? Kinapatikana sokoni kwetu? Na je, unaweza kukila wiki tatu mfululizo bila kukichukia? Swali hilo la mwisho watu hulidharau, lakini ndilo lililonitoa mimi kwenye uwatu.

Kabla ya kubandika chochote

Wengi wanaotafuta dawa ya maziwa wanayo maziwa ya kutosha. Mtoto kulia kila jioni si dalili ya njaa peke yake. Matiti kulainika baada ya wiki chache ni kawaida. Hata ukikamua ukapata vijiko viwili hujajua chochote, kwa kuwa mdomo wa mtoto unakamua kuliko mkono na kuliko mashine. Kinachosema kweli ni nepi na mizani. Kuanzia siku ya tano au ya sita mtoto alowanishe nepi 6 au zaidi kwa saa 24, choo kiwe cha njano, na ifikapo wiki ya pili awe amerudia uzito aliozaliwa nao. Siku za mwanzo watoto karibu wote hupungua kidogo. Akipungua zaidi ya asilimia 10, peleka mtoto kliniki leo, habari za supu zitangoja.

Tena kuna hesabu ya siku ambayo kila supu ya dunia hii inajinufaisha nayo. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Kabla ya hapo kuna dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, kidogo kwa macho lakini inamtosha mtoto ambaye tumbo lake bado ni dogo sana. Kinachofungua bomba ni kutoka kwa kondo la nyuma: homoni ya projesteroni inaanguka, prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, inapata nafasi ya kufanya kazi yake. Sasa mama mkwe analeta supu siku ya pili, maziwa yanashuka siku ya tatu. Nani atapewa sifa? Watafiti wa Thailand waliwahi kuwapa wazazi vidonge vya tangawizi na wengine vidonge visivyo na kitu. Siku ya tatu wa tangawizi walikuwa na maziwa zaidi. Siku ya saba tofauti hiyo haikuwepo tena.

Baada ya wiki ya kwanza titi linamfuata mtoto. Likinyonywa likaisha linajaza, likiachwa limejaa linapunguza kazi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana. Hakuna chungu kinachoshinda hilo, na nimelisema hapa mwanzo ili nisilirudie kwenye kila sahani.

Majani matatu: mlonge, katuk, torbangun

Kama ningeambiwa nichague kundi moja tu, ningechagua majani.

Wafilipino wanauita mlonge malunggay. Chakula chao cha mzazi ni tinola, supu nyepesi ya kuku, tangawizi na papai bichi, na majani ya mlonge hutiwa mwishoni. Imani hiyo kwao ni kubwa kiasi kwamba vidonge vya malunggay vinauzwa katika maduka ya dawa. Na si imani tupu: kuna utafiti wa kwao uliofanywa kwa akina mama waliojifungua watoto njiti, na wale waliopewa mlonge walikamua maziwa mengi zaidi siku ya nne na ya tano kuliko wenzao. Utafiti wenyewe ulikuwa mdogo, na siku zenyewe, kama ulivyoona hapo juu, ni zile ambazo maziwa yanaongezeka hata bila msaada. Hata hivyo si haba.

Kinachoupa mlonge ushindi kwangu ni mambo mengine. Mti upo uani. Kuanzia Pwani mpaka Dodoma, Mombasa mpaka Malindi, mtu hununui, unaomba tawi kwa jirani. Majani yana protini, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A, kwa hiyo hata kama maziwa hayakuongezeka hata tone, mama aliyepoteza damu amekula mboga ya maana. Tahadhari ni moja kubwa: tumia majani. Mizizi na magamba ya mti uleule ni dawa nyingine kabisa, kali, isiyomfaa mzazi. Na kama unatumia dawa za sukari au za presha, mwambie daktari kabla ya kuanza kula unga wa mlonge kwa vijiko, maana nao unaweza kuvuta vipimo hivyo chini.

Katuk ni jani la Waindonesia. Wanalipika kwenye mchuzi mweupe mwepesi na mahindi mabichi, wanauita sayur bening, na mzazi anabandikiwa karibu kila siku. Wavietnam nao wanalo, wanaliita rau ngót. Likipikwa ni mboga nzuri, tamu kidogo, na Waindonesia wamelila vizazi na vizazi bila shida. Lakini ulizia kilichotokea Taiwan miaka ya 1990. Uvumi ulienea kwamba juisi ya katuk mbichi inapunguza unene. Watu wakasaga, wakanywa kila siku. Zaidi ya watu 200 wakapata ugonjwa wa mapafu usiopona, njia ndogo za hewa zikaziba kabisa, na baadhi yao wakafa. Jani ni lilelile, ila wao walilinywa bichi na kwa wingi, jambo ambalo bibi wa Java hajawahi kulifanya. Kwa hiyo likikufikia kama mboga ya kupika, sawa. Likikufikia kama unga wa kukoroga kwenye maji baridi, unaouzwa mtandaoni na mtu usiyemjua, mrudishie.

La tatu ni torbangun, la Wabatak wa Sumatra Kaskazini. Ni jani nene, lenye vinyweleo, linalonukia sana ukilifikicha. Wanalipika kwa tui la nazi, manjano na kuku au samaki, na mzazi hula takriban mwezi mzima. Mmea wenyewe si mgeni kwetu: asili yake inahesabiwa kuwa ni pamoja na ukanda huu wa mashariki na kusini mwa Afrika, na watu wengine wameupanda kwenye makopo barazani kwa ajili ya kikohozi bila kujua kuwa kuna wanaoupika.

Torbangun ina kitu ambacho wengine hawana. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliowashindanisha uso kwa uso: kundi moja la akina mama walikula supu ya torbangun, kundi la pili vidonge vya uwatu, la tatu vidonge vya dawa ya maziwa pamoja na vitamini B12. Kati ya siku ya 14 na ya 28 maziwa ya kundi la torbangun yaliongezeka kwa asilimia 65. Ya uwatu kwa 20, ya vidonge kwa 10. Ukiangalia siku zenyewe, ni baada ya wiki mbili, si ile siku ya tatu ambayo kila kitu kinafanya kazi. Hapo lazima nikiri ninavutiwa. Kasoro zake: wanawake walikuwa wachache, na anayekula bakuli la supu anajua anakula supu, huwezi kumficha kama unavyoficha kidonge. Tena bakuli lina tui na kuku ndani yake, kidonge hakina.

Uwatu, wetu na wao

Huku ndiko tunakojua zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wahindi wanauita methi, Waarabu wa Yemen na Oman hulba, na mzazi wa Zanzibar au Mombasa hahitaji kutafsiriwa. Mbegu ndogo za njano, chungu, zinazotoa ute zikilowekwa.

Namna ya kuula inabadilisha karibu kila kitu. Gujarati na Punjab uwatu husagwa, hukaangwa kwa samli, ukachanganywa na unga wa ngano, tangawizi kavu, lozi, gundi ya mti inayoliwa na sukari guru, kisha hufinyangwa matonge yanayoitwa laddu. Wahindi wa Dar, Mombasa na Kampala wanaendelea kuyatengeneza. Ukienda kwenye maduka ya viungo ya Kisutu au Markiti na kusema nyumbani kuna mzazi, muuzaji atakupimia vyote bila kuuliza zaidi. Tonge moja lina nguvu nyingi, na mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku. Kwa mama aliyekonda, anayekula mara moja kwa siku kwa sababu hana wa kumpikia, laddu mbili na kikombe cha maziwa zinaziba pengo ambalo kidonge cha uwatu hakiwezi kuliziba. Kwa mama aliyenenepa na mwenye sukari, laddu zilezile ni tatizo jipya.

Kidonge, kwa upande wake, kina uwatu peke yake. Ni rahisi kumeza na hakina uchungu. Lakini kwenye kopo lisilojulikana huwezi kujua kuna kiasi gani ndani. Kuloweka kijiko cha chai cha mbegu usiku na kunywa asubuhi kunakaa katikati: rahisi, na unaona unachokunywa.

Sasa ubaya wake. Harufu kwanza. Siku ya nne hivi nilianza kunukia sukari iliyoungua, mimi na shuka zangu na nguo za mtoto. Haikuwa harufu mbaya, ila ilinifuata hadi kwenye daladala. Siku ya kumi na moja niliacha, si kwa sababu ya daktari, ni kwa sababu nilikuwa nikisikia harufu ya kikombe tu tumbo linageuka. Harufu hiyo ikiingia kwenye mkojo wa mtoto, mwambie nesi kwamba unatumia uwatu, maana kuna ugonjwa adimu wa kurithi ambao dalili yake ni mkojo wenye harufu kama hiyo, na hakuna sababu ya kuitia hofu kliniki nzima.

Mengine ni mazito zaidi. Uwatu unashusha sukari ya damu, kwa hiyo anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asianze kimyakimya. Unagongana na warfarin na dawa nyingine za kuyeyusha damu. Ni jamii moja na karanga na dengu, hivyo mwenye mzio wa karanga aukwepe. Unaharisha, unajaza gesi. Na mjamzito asiuguse kwa kiasi cha dawa, kwa kuwa unaweza kuchochea mji wa mimba. Subiri mtoto azaliwe.

Shamari na jira, ambazo Wahindi huzichemsha na kumpa mzazi maji yake siku nzima, ni nyepesi zaidi. Sina la kuzilaumu wala la kuzisifu sana. Zinamfanya mama anywe. Bangladesh wanaponda habasoda na kitunguu na pilipili na kumpa mzazi ale na wali. Anayeipenda habasoda ataipenda hivyo, basi.

Miguu ya nguruwe, na kongoro badala yake

Wachina humtunza mzazi mwezi mzima ndani, wanauita kukaa mwezi, na arobaini yetu ni ndugu wa mwezi huo. Supu zao za maziwa ni nyingi, ila mfalme wake ni miguu ya nguruwe. Hupikwa na karanga au soya mpaka nyama inadondoka kwenye mfupa na mchuzi unakuwa mweupe. Guangdong wanaipika kivyao: tangawizi nyingi mno, siki nyeusi tamu na mayai ya kuchemsha. Chungu hicho ni cha mzazi na ni cha wageni pia. Ndugu na jirani wanapelekewa mabakuli kuarifiwa kwamba mtoto amezaliwa. Nimeipenda desturi hiyo kuliko supu yenyewe.

Vietnam wanaweka papai bichi ndani ya miguu hiyohiyo. Samaki nao wapo: kapu (carp) mdogo wa Kichina wa maji baridi, mwenye miiba mingi, akichemshwa na tofu hadi supu iwe kama maziwa. Hapo unaona mantiki yao: supu nyeupe italeta maziwa meupe. Mantiki ya rangi haifiki kwenye titi, ila mama amekunywa maji, protini na chumvi kidogo, na amekaa kitako nusu saa.

Kwa msomaji wa Pwani ambaye nguruwe haingii nyumbani, hakuna anachokosa. Kongoro la ng'ombe likichemshwa usiku kucha linatoa ute uleule, kwa kuwa ute wa mguu ni ute wa mguu. Tofauti kubwa iko kwenye mafuta. Siku za kwanza, maziwa yakiwa yanashuka na matiti yamevimba kama mawe, bakuli la mafuta mazito halimsaidii mzazi. Anashiba, analala, hanyonyeshi. Acha supu ipoe, utando wa juu ugande, uutoe na kijiko, ndipo uipashe. Mwenye mawe kwenye kibofu cha nyongo, ambayo si haba kwa wanawake waliotoka kujifungua, aende taratibu zaidi.

Kuna moja naikataa waziwazi. Taiwan na Fujian wanampa mzazi kuku wa mafuta ya ufuta aliyepikwa kwa mvinyo wa mchele, na wengine wanatia mvinyo mtupu bila maji. Watu husema pombe imepaa na mvuke. Haipai yote. Inayobaki inaingia kwenye damu, kutoka damu inaingia kwenye maziwa, na pombe inaizuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke. Yaani mama anakunywa supu ya maziwa inayofunga maziwa. Mafuta ya ufuta, tangawizi na kuku vyote ni vizuri. Mvinyo uondolewe, maji yaingie mahali pake. Hadithi za bia nyeusi zinazosikika kwetu ni kesi ileile.

Mwani wa Wakorea

Supu hii, miyeokguk, ndiyo yenye heshima kuliko zote nilizotaja. Mkorea anayejifungua anapewa mara kadhaa kwa siku kwa majuma matatu ya kwanza. Zamani bakuli la supu na bakuli la wali viliwekwa kwanza mbele ya Samsin Halmoni, bibi wa mizimu anayelinda uzazi, ndipo mzazi akala. Na mtu akishakua, kila siku yake ya kuzaliwa anakula supu hiyohiyo, kukumbuka kilichomlisha mama yake. Siku ya mtihani supu hiyo hailiwi, kwa kuwa mwani unateleza na mtu asije akateleza naye.

Inapikwa kirahisi: mwani mkavu unalowekwa, unakaangwa kidogo kwa mafuta ya ufuta na kitunguu saumu na nyama ya ng'ombe, unatiwa maji. Nyepesi, ina chumvi ya bahari, inashuka vizuri kooni kwa mtu asiye na hamu ya kula. Kwa ladha naiweka juu ya uwatu bila kusita.

Taabu ni madini joto. Mama anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo. Mwani wa kahawia una madini joto mengi sana na kiasi chake hakitabiriki. Mabakuli matatu kwa siku yanaweza kuvuka kipimo hicho mara nyingi. Madini joto hupita kwenye maziwa, na yakizidi, tezi ya shingo ya mtoto mchanga inaweza kulemewa ikapunguza kazi, na ubongo wake unaitegemea tezi hiyo. Si nadharia. Australia kuna watoto wachanga waliopatwa hivyo, na wakuu wa afya wakawaonya wajawazito na wanaonyonyesha waache supu ya mwani wa aina hiyo.

Kama umeolewa na Mkorea au unaishi huko na mama mkwe amebandika, bakuli dogo mara moja kwa wiki halina ugomvi. Kama una ugonjwa wa tezi, kataa kwa adabu. Na ukiwa hapa usidhani kwamba mwani wa Paje na Jambiani ni mbadala. Huo unaolimwa Zanzibar tangu 1989 ni wa jamii nyingine, unasafirishwa kwenda kutengenezwa kitu cha kugandishia vyakula. Si miyeok, na mtu asikuuzie kama dawa ya maziwa. Madini joto unayohitaji yamo kwenye chumvi ya dukani iliyoongezwa madini joto.

Thailand kwa haraka

Kaeng liang ni mchuzi wa mboga uliojaa: boga, mumunye, mrehani wenye harufu ya ndimu, vitunguu vidogo, pilipili manga nyingi na kamba wa baharini waliotwangwa. Wakati mwingine huongezwa ua la mgomba, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, ambalo sisi tunalikata tukalitupa. Ni chakula kizuri, hakina hatari yoyote ninayoijua, na ukiangalia ile pilipili manga utaona kwamba bibi wa Bangkok na bibi wa Tanga wangeelewana bila mkalimani. Ua la mgomba lazima lilowekwe kwenye maji ya chumvi au ndimu baada ya kukatwa, la sivyo utomvu wake unachusha ulimi.

Nani achukue kipi

Mwaka 2020 timu ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya kwa pamoja, ilikusanya majaribio 41 ya vyakula, mitishamba na dawa za kuongeza maziwa, yenye akina mama 3,005 kutoka nchi zisizopungua 17. Mlonge, uwatu, tangawizi, torbangun, ua la mgomba na hata miguu ya nguruwe vimo. Walichokiona ni kwamba huenda baadhi vinasaidia, lakini ushahidi wenyewe ni dhaifu mno kusema kipi kinashinda na kwa kiasi gani. Ndiyo maana mimi sichagui kwa ahadi, nachagua kwa madhara na kwa soko.

Mama mzima, asiye na dawa anazomeza, aanze na mlonge uliopikwa. Akiona torbangun kwa jirani, abadilishe siku mbili tatu kwa wiki. Mama aliyekonda au aliyevuja damu nyingi, laddu za uwatu au kongoro lililotolewa mafuta vitamfaa kuliko majani matupu. Mwenye kisukari: mlonge kama mboga, uwatu baada ya kuongea na daktari. Mwenye ugonjwa wa tezi: chochote isipokuwa mwani. Asiyeweza harufu, asijilazimishe uwatu kama mimi. Aliyejifungua kwa upasuaji maziwa yanaweza kuchelewa siku moja mbili, asichanganyikiwe akanunua vitu vitano kwa mpigo. Ukila vitano mtoto akaharisha hutajua cha kulaumu.

Na yupo ambaye hapaswi kuwa jikoni kabisa. Damu ilitoka nyingi mno na maziwa hayajashuka hata siku ya tano. Kuna uwezekano kipande cha kondo kimebaki. Umefanyiwa upasuaji wa matiti. Umeanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni wiki ileile maziwa yalipopungua. Chuchu zinachubuka kila unaponyonyesha, yaani mtoto ameshika ncha tu badala ya kujaza mdomo. Hizo ni kazi za mkunga na daktari, na mara nyingi ile ya mwisho hutengenezwa kwa dakika kumi na mtu anayejua kukuonyesha namna ya kumpakata mtoto.

Nimeahidi mtu kumwandikia tinola ya kwetu, nayo ni hii. Kuku wa kienyeji mdogo akatwe vipande. Kaanga kitunguu maji, saumu punje nne na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyokatwa nyembamba, kwa mafuta kidogo sana. Tia kuku, mgeuze mpaka abadilike rangi, mimina maji yamfunike na yazidi vidole viwili. Kienyeji hataki haraka, mwache saa moja au zaidi kwa moto mdogo. Wafilipino hutia mchuzi wa samaki. Wewe tia chumvi na pilipili manga. Nyama ikilainika, tia papai bichi lililomenywa, likatolewa mbegu na kukatwa vipande vinene, dakika kumi. Wakati huo chambua mlonge, vijiti vyote vitoke kwa sababu havilainiki hata uvipike hadi kesho. Zima moto, tia konzi mbili za majani, funika. Yakiwa kijani kilichokolea, pakua. Mzazi ale kwanza, waliokuja kumwona mtoto wasubiri.